Tupeane uzoefu: hita ya maji moto ilipokusumbua nyumbani, chanzo kilikuwa nini?

Mwenyeji_Dom
Wakuu, habari za jioni. Hapa Dodoma baridi ya Juni imeshaingia, na ninaishi na mama yangu ambaye ni mtu mzima sasa. Magoti yanamsumbua, maji ya baridi hayawezi kabisa. Hita yetu ya lita 50 ilianza kutoa maji ya uvuguvugu, baadaye ikawa inanguruma kama sufuria ya maharage kila ikiwashwa. Fundi wa kwanza hata hakuifungua. Aliigonga kwa kidole akasema ninunue mpya.

Nikamwita fundi umeme wa mtaani kwetu. Huyu alizima swichi kuu, akapima waya kuhakikisha hakuna moto, akafunga koki ya maji ya baridi, kisha akayatoa maji yote kwa mpira. Alipochomoa elementi, ile inayopasha maji, chuma chenyewe hakikuonekana: kilikuwa kimevaa gamba jeupe, gumu, nene kuliko kidole changu. Akaingiza mkono chini ya tanki akakomba vipande vya chokaa, nusu ndoo. Maji ya visima vya Makutupora ni ya chumvi, kila mwenye birika hapa mjini anajua, lakini sikuwahi kufikiria yanafanya nini ndani ya tanki.

Elementi ilikuwa nzima. Mita ilisoma ohmu 26, na ndivyo inavyotakiwa kwa elementi ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230. Ingekuwa imekatika, mita isingesoma kitu. Tukailoweka kwenye siki mpaka gamba likalainika, tukalibandua bila kukwangua kwa kisu. Kilichokwisha kabisa ni ile fimbo ya magnesiamu, umebaki waya wake wa katikati. Fimbo hiyo imewekwa ili kutu iile yenyewe na kuliacha tanki. Ikiisha, zamu ni ya tanki. Tumeweka mpya, na gasketi mpya.

Jambo alilolirudia mara nyingi: jaza maji kwanza, acha bomba la moto wazi mpaka yatoke mfululizo bila kutema hewa, ndipo uwashe. Elementi ikiwashwa kavu inaungua hapo hapo.

Mama anaoga vizuri sasa. Inaniuma nikifikiria ni nyumba ngapi zimeambiwa "nunua mpya" na mtu ambaye hakushika hata bisibisi. Karibuni na yenu.

Wa_Rongai
Hamjambo nyote. Sisi huku tunatumia shawa ya stima, ile inayopasha maji yakipita. Yangu ilikuwa inawaka na kuzima, moto, baridi, moto, baridi. Nilidhani ni elementi, kumbe ni presha. Ndani kuna kipande cha mpira ambacho maji hukisukuma ndipo stima iunganike. Maji yakija kwa unyonge, hakisukumwi. Tanki letu liko chini sana, na matundu ya shawa yalikuwa yamezibwa na chumvi ya kisima. Fundi alizibua matundu kwa sindano, tukainua stendi ya tanki, ikatulia.

Ila kuna jambo zito zaidi. Koki ya bafu ilikuwa inapiga shoti kidogo, na watoto walishazoea kuifungua kwa taulo. Fundi alipoangalia, waya wa ethi haukuwa umeunganishwa popote, umekunjwa tu ndani ya ukuta. Tafadhali, mkisikia hata mtekenyo mdogo kwenye koki, zimeni stima kwenye breka na msioge hapo mpaka ethi ikaguliwe. Na kama maji yenu ni ya kisima, ulizeni dukani ile shawa iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, kwa sababu zipo.

Mpangaji_London
Huku ni boila ya gesi isiyo na tanki: inapasha maji ya bomba, na hiyo hiyo inapasha radieta za nyumba. Kiangazi kimoja tukawa tukifungua bomba la moto jikoni, maji yanatoka vuguvugu na radieta ya chumbani inapata moto, wakati hakuna aliyewasha joto la nyumba. Hiyo ndiyo dalili ya valvu inayogawa njia kukwama katikati, nusu ya joto inaenda kwenye radieta. Ilibadilishwa, tatizo likaisha.

Mwenye nyumba alikuwa anavuta miguu. Kwa wapangaji wa England, sheria ya mwaka 1985 kuhusu wenye nyumba na wapangaji inamtaka yeye atengeneze mitambo ya maji moto na joto, kwa hiyo mwandikieni, msiishie kupiga simu. Na msimwite kaka anayejua-jua mambo akafungua boila. Kazi ya gesi hapa ni ya aliyesajiliwa Gas Safe, yaani orodha rasmi ya mafundi wa gesi, na atakuonyesha kadi yake. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, inaua watu wakiwa wamelala.

Unachoweza kuangalia mwenyewe ni geji ya presha: mfumo ukiwa umepoa, iwe kati ya bar 1 na 1.5. Na boila ikizima asubuhi ya barafu, angalia bomba la plastiki linalotoa maji nje, huwa linaganda. Limwagie maji ya uvuguvugu, si yanayochemka, kisha uiwashe upya.

Binti_Muscat
Kwetu kiangazi shida inageuka. Tanki la juu ya paa linapigwa jua mpaka bomba la baridi linaunguza. Tunazima hita, maji ya tanki lake yanapoa humo ndani ya nyumba, tunaogea bomba la moto. Mwenye mtoto mchanga apime kwa kiwiko kwanza, mabomba yote mawili.

Mama_Tengeru
Naomba msaada jamani. Hita yangu mpya, ile valvu ya chini inadondosha maji kila ikiwashwa. Fundi amesema kesho anaiziba.

Fundi_Moshi
Dada, mzuie. Hiyo ni valvu ya usalama. Lita 50 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinaongezeka karibu robo tatu ya lita, na maji hayo lazima yapate pa kutokea. Kudondosha wakati inapasha ni kazi yake. Ukiiziba, presha inabaki ndani na tanki linaweza kupasuka, na maji yake ni ya kuunguza. Funga mpira mwembamba uelekeze kwenye mfereji, mdomo wake ubaki wazi. Ila ikidondosha hata usiku hita imezimwa, nyanyua kile kijiko chake kidogo isukume uchafu nje. Isipoacha, pima presha ya maji yanayoingia, na kama iko sawa badilisha valvu. Hiyo ya kesho mwambie asije na plagi, aje na mpira.