Vyuma, kauri au treya za plastiki? Mliopanga meno ukubwani njooni hapa

Jino_la_Mbele: Wakuu habari za muda huu. Nipo 30 na kitu, meno ya chini mbele yamebanana na moja la juu limechomoza, utotoni hakukuwa na namna ndo saizi nimeamua. Nimeambiwa nichague kati ya vyuma vya kawaida, vile vyeupe vya kauri, vya kufichwa nyuma ya meno, au treya za plastiki za kuvaa na kuvua. Kazi yangu ni kuongea na watu kutwa nzima na sitaki kuonekana na mdomo wa bati. Naomba ukweli wa mtumiaji, matangazo nimeshayasoma hadi yamenichosha.

chuma_hakilali: Vyuma vya kawaida mkuu, usijizungushe. Watu watakuangalia mdomo wiki ya kwanza, baada ya hapo kila mtu yuko na yake. Uzuri wake vinafanya kazi usiku na mchana, ukumbuke usikumbuke. Maumivu yapo, yanaanza masaa machache baada ya kukazwa na yanakaa siku mbili tatu, hapo ni vyakula laini tu, alafu yanaisha mpaka ukakazwe tena. Kinachosumbua zaidi ni mashavu kuchubuka kwa ndani. Utapewa nta ya kufunikia vyuma visikuchubue, sasa wengi wanaibandika kwenye mate alafu wanalalamika haishiki. Kausha kwanza ile brakiti, yaani kile kidude kinachobandikwa kwenye jino, kwa tishu, finyanga kipande kidogo cha nta kwa vidole mpaka kilainike, ndo ubandike. Baadaye shavu linakuwa sugu unasahau kabisa kama ulikuwa unatumia nta.

mama_wawili: Mimi niko kwenye treya na sirudi nyuma 😂 Ila dada au kaka, sijui wewe ni nani, usidanganywe kwamba hazionekani kabisa. Wanakubandikia vinundu vidogo vya rangi ya jino ili treya ipate pa kushika, mtu akikaa karibu ataviona. Na sheria yake ni masaa 20 hadi 22 kwa siku, unavua kula, kupiga mswaki na kunywa chochote kisicho maji basi. Chai ya moto nayo inakunja plastiki, usijaribu. Kwaiyo ile tabia ya kutafuna tafuna kila saa inakufa yenyewe maana kila ukila inabidi usafishe meno kabla ya kurudisha. Treya mpya kila wiki moja au mbili, inategemea dokta kapangaje. Alafu kitu kingine, usiifunge kwenye tishu ukiwa unakula nje, mhudumu anapitia meza anakusanya sahani na taka, treya yako inaenda jalalani. Kasha lake litembee na wewe.

chuma_hakilali: Sasa hapo si ndo tatizo lenyewe, mtu mzima mwenye vikao na safari masaa 22 atayatoa wapi? Wengi wanavaa usiku tu alafu wanasema treya hazifanyi kazi.

mama_wawili: Wengi sio wote bro. Vyako vikichomoka waya unakuchoma ulimi hadi siku ya kumuona dokta, treya zangu nikivua nakula kama binadamu.

Kiti_cha_Meno: Niko upande wa kliniki kwaiyo niongeze kidogo. Mnaanza na muonekano, sisi tunaanza na fizi. Jino linasogea kwa sababu likisukumwa taratibu mfupa wa upande mmoja unayeyuka na upande wa pili unajengwa mwingine, na kasi yake ni kama milimita moja kwa mwezi, ndo maana kwa watu wazima wengi kazi inachukua mwaka mmoja hadi miwili. Sasa fizi zikiwa na ugonjwa alafu ukaanza kusukuma, mfupa unaopotea haurudi. Kwaiyo fizi zinatibiwa kwanza, na hapo hamna njia ya mkato. Pili, taya la mtu mzima limeshamaliza kukua. Kama shida ni meno tu, yanapangika hata ukiwa na miaka 60, ila kama taya lenyewe ndo liko mbele au nyuma, vyuma peke yake havitoshi, wengine inabidi wafanyiwe upasuaji. Tatu, kama una jino la kupandikiza sema mapema, lile limeshikana na mfupa moja kwa moja, halisogei hata ulivute vipi. Na kwa wenye meno yaliyobanana sana, yakinyooka kuna vijinafasi vyeusi vya pembe tatu vinaweza kutokea kati ya meno karibu na fizi. Hilo watu hawaambiwi alafu wanalia mwishoni.

rangi_ya_kauri: Nitetee kauri kidogo. Brakiti yenyewe haibadiliki rangi kirahisi, kinachochafuka ni vile viraba vinavyoshika waya, kahawa na manjano vinavimaliza fasta. Vinabadilishwa kila ukienda kukazwa lakini siku za katikati utatabasamu njano njano. Ni nene kuliko chuma na zinavunjika kirahisi. Dokta wangu aliweka kauri juu tu, chini akaweka chuma, nikauliza kwanini, kumbe kauri ni ngumu kuliko jino, meno ya juu yakigongana nayo kila ukitafuna yanasagika. Na ukweli ni kwamba ukiongea ya chini hayaonekani sana.

Jino_la_Mbele: Asanteni sana. Na vile vya nyuma ya meno je?

rangi_ya_kauri: Kwa kazi ya kuongea? Achana navyo. Ulimi unachubuka na herufi S inakutesa mwanzoni. Na sio kila dokta anaviweka.

pita_njia: Kuna treya za kuagiza mtandaoni, unajichukua alama ya meno mwenyewe nyumbani wanakutumia, mbona mnahangaika

Kiti_cha_Meno: Nani anakupima fizi huko mkuu? SmileDirectClub ya Marekani ilikuwa kubwa kweli kwenye biashara hiyo, Desemba 2023 ikafunga, watu wakabaki na matibabu nusu. Meno yakishaanza kusogea lazima kuwe na mtu anayeyaangalia.

mama_wawili: Na hakuna aliyetaja riteina, kile kifaa cha kuzuia meno yasirudi yalikotoka. Ukivua vyuma au ukimaliza treya kazi haijaisha, utavaa riteina usiku miaka na miaka, au wanakugandishia kiwaya nyuma ya meno ya mbele ya chini. Kiwaya hicho kupitisha uzi wa meno ni shughuli, jiandae.

Jino_la_Mbele: Nimeelewa. Naelekea kauri juu chuma chini, nikijijua mimi treya ningezisahau mezani wiki ya kwanza. Naanza na kusafisha fizi na eksirei. Ila kuna dokta ameshanitajia kung'oa mawili ili ipatikane nafasi, hilo ndo linanitisha.

Kiti_cha_Meno: Mbanano wa wastani mara nyingine unatatuliwa kwa kusugua pembeni mwa meno, sehemu ya milimita tu kila jino, bila kung'oa. Mbanano mkubwa ndo unang'olewa. Mwambie akuonyeshe kwenye vipimo nafasi inayokosekana ni milimita ngapi na atazipata wapi. Akishindwa kukuonyesha, tafuta maoni ya dokta wa pili kabla hujafungua mdomo kwa sindano.