Hivi hii "get" ya kiingereza ina maana ngapi?

mwanafunzi_mzee
Wakuu habari zenu. Hii "get" inanichanganya vibaya mno, shule tulifundishwa "get" ni kupata tukaishia hapo, sasa naangalia muvi nasikia "I get it", "we got home late", "get him to call me", ukiweka kupata haiingii kabisa. Nikifungua kamusi ndo balaa, orodha haiishi. Kuna namna ya kuielewa au ni kukariri tu?

kalamu_nyekundu
Mkuu achana na kuhesabu maana, angalia kinachofuata. Kikifuata kitu ni kupata, kupokea, kununua au kuleta. Ikifuata sifa ni hali kubadilika, "get old" kuzeeka, "get dark" giza kuingia. Mahali, ni kufika, ndo hiyo "got home" yako. Mtu afu "to", hapo unamfanya au unamshawishi afanye jambo. "I get it" ni nimeelewa, sisi wenyewe tunasema nimekupata kwahiyo hiyo isikutishe.

Bavicha2
Mbona ni kama piga yetu tu, piga simu, piga pasi, piga mswaki, hamna anayepigwa hapo. Kariri.

sarufi_tamu
Hapana bwana, kwenye piga ile nomino ndo inabeba maana, "get" inaingia mpaka kwenye sarufi. Cheki "they got married in 1990", hiyo ni siku walipooana, ila "they were married for ten years" ni kuishi kwenye ndoa. Kwetu "wameoana" inabeba vyote viwili ndo maana wengi wetu tunaweka "were" kila mahali. Halafu kuna hii, "I got my hair cut" maana yake kuna mtu kaninyoa na nilitaka mwenyewe, lakini "I got my phone stolen" sikumtuma mtu aje aniibie!! Muundo ni ule ule, kinachokuambia kipi ni kipi ni akili yako tu.

mwanafunzi_mzee
Duh hiyo ya nywele na simu imenifungua. Na "gotten" je, ni makosa?

kalamu_nyekundu
Sio makosa, ni ya Wamarekani. Kwao "I've got a car" ni nina gari, "I've gotten a car" ni nimepata gari. Uingereza wengi wanabaki na "got" tu, ingawa "forgotten" hawajaiacha, sijui kwa nini hiyo iliwapendeza. Ila kwenye barua rasmi punguza "get", weka "receive" au "become". Na usiionee, "run" kwenye kamusi ya Oxford ilifikisha maana 645, mhariri Peter Gilliver alikaa nayo miezi 9.

mwanafunzi_mzee
Aisee. Sasa zile "get over", "get by", "get away with" ziko kundi gani?

sarufi_tamu
Hizo hazina kundi mkuu, hapo Bavicha2 kapatia, ni kukariri. "Get over" ni kupona au kuachana na jambo lililokuumiza, "get by" ni kujikongoja na kidogo ulicho nacho, "get away with" ni kufanya kosa na usiadhibiwe. Chukua kila moja kama kitenzi kipya, ile "get" ya mwanzoni usiitafsiri kabisa.