Naomba ushauri: karata za aina moja zisizo kubwa zinalipa kweli kwenye poka ya fedha taslimu?

Kopa_Nane (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri kuhusu karata mbili za aina moja ambazo si kubwa, kama 8 na 7 za kopa au Ree na 5 za shupaza, katika Texas Hold'em ya fedha taslimu, si ya mashindano. Mwenzangu ninayecheza naye anashikilia kwamba karata hizi huchezwa kila zinapopatikana, kwa kuwa flashi moja (karata tano za aina moja) hufidia hasara ndogo nyingi. Naona hoja hiyo ina kasoro, ila nashindwa kuionyesha iko wapi.

Mfano ni huu, na nitahesabu kwa blaindi kubwa, yaani lile kubwa kati ya madau mawili ya lazima yanayowekwa kabla ya mchezo kuanza (blaindi ndogo ni nusu yake). Nilikuwa kiti cha mgawaji, anayecheza wa mwisho baada ya flopu, na 8 na 7 za kopa. Mchezaji wa viti vya mwanzo, yaani vinavyotangulia kucheza, aliyekuwa na blaindi 35 tu mbele yake, alipandisha dau hadi 3. Mmoja akalipa kiasi hicho hicho, nami nikalipa, wenye blaindi wakatupa karata zao. Katikati kukawa na 10.5. Flopu, yaani karata tatu za kwanza za mezani, ikaja Mfalme wa kopa, 5 ya pau na 2 ya kopa. Yule wa kwanza akaweka 7, wa pili akatupa, nikalipa. Karata ya nne ikawa 9 ya uru, naye akasukuma 25 zote alizobakiza. Nikatupa. Je, nilifanya sawa? Na je, nilistahili hata kuingia?

Hesabu_Kwanza

Mkuu, kutupa kulikuwa sahihi. Karata za kukuokoa zilikuwa 12: kopa 9 zilizobaki, pamoja na zile 6 tatu zisizo za kopa, ambazo zingekamilisha mfuatano wa 5 hadi 9. Karata usizoziona zilikuwa 46, hivyo nafasi yako ilikuwa kama asilimia 26. Ulitakiwa kulipa 25 ili ushindanie 49.5, na malipo ya namna hiyo (25 kati ya jumla ya 74.5) yanahitaji takriban asilimia 34.

Kwenye flopu ndiko mambo yanakovutia. Ulilipa 7 kwa ajili ya 17.5, na nafasi ya kopa kutokea kwenye karata ya nne ilikuwa asilimia 19 tu. Ukiitegemea flashi peke yake, ili malipo hayo yasiwe hasara ungehitaji kumtoa mpinzani blaindi nyingine 12 hivi, kwa wastani, kila mara kopa inapotokea. Yeye alikuwa amebakiza 25. Maana yake ni kwamba angepaswa kukupa karibu nusu ya alichonacho huku kopa tatu zimelala mezani na macho anayo.

Kwa hiyo umejibu swali lako mwenyewe pale uliposema, kama kwa kupita tu, kwamba alikuwa na blaindi 35. Kabla ya flopu ulilipa 3 ukiwinda 35, yaani hata mara 12 hazifiki. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba hata jozi ndogo, kama 4 mbili mkononi, hutaka mpinzani awe na angalau mara 15 ya unacholipa, na karata kama 8 na 7 hutaka zaidi ya hapo. Karata mbili za aina moja hupata flashi kamili kwenye flopu mara 1 kati ya 118. Kinachokuja mara nyingi zaidi, kama mara 1 kati ya 9, ni karata nne za aina moja, ambazo bado ni matumaini, na matumaini hayo utauziwa kwa bei ya mpinzani.

Kiti_cha_Mwisho

Naongezea kwamba kuwa za aina moja kwenyewe huongeza nafasi ya ushindi kwa asilimia 2 hadi 4 tu. Wengi huziona kopa mbili wakadhani wameokota kitu. Ikiwa 8 na 7 za aina tofauti ungezitupa mbali kabisa kutoka viti vya mwanzo, basi za aina moja nazo hazijabadilika kiasi cha kukulazimisha kuingia.

Mwambie mwenzako pia kwamba kuna tofauti kubwa kati ya kulipa dau la mtu na kulianzisha. Wote wakikutupia hadi ukabaki karibu na mgawaji, pandisha wewe: mara nyingine wote hutupa, ukachukua blaindi bila kuonyesha chochote, na sehemu nyingi nyumba (wenye kasino) haikati ada pale mchezo unapoishia kabla ya flopu. Kulipa tu ukiwa kwenye blaindi ndogo ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwa sababu utacheza wa kwanza hadi mwisho, na ada itaumega hata ule ushindi mdogo utakaoupata.

Natupa_Mapema

Mimi Mfalme na 4 za aina moja huzitupa karibu kila mara. Sioni haja ya mjadala.

Kopa_Nane

Nashukuru sana, ndugu zangu. Je, kama yule mpinzani angekuwa na blaindi 200, nami vilevile, jibu lingebadilika?

Hesabu_Kwanza

Lingebadilika, ila si kwa upande mmoja tu. Kulipa 3 ukiwa mgawaji kungekuwa jambo jema, na hata ile 7 ya kwenye flopu ningeilipa bila kusita. Tatizo ni kwamba flashi ya 8 hupigwa na flashi ya mtu yeyote mwenye kopa mbili huku moja ikiwa Ree, Malkia, Jeki, 10 au 9, na akiba ikiwa kubwa kipigo hicho kinaweza kukuondolea chipu zote. Ree na 5 uliyoitaja haina hofu hiyo: ikipata flashi, na mezani hakuna jozi wala nafasi ya mfuatano wa aina moja, hakuna wa kuipiku. Kwa hiyo ukiwa na 8 na 7, kopa ya tatu ikatokea, weka dau lako kama kawaida. Lakini mchezaji mtulivu akikupandishia dau kubwa kwenye karata ya mwisho, kutupa flashi iliyokamilika si woga.