Beta madume watatu, tangi moja: nigawe kwa wavu au kwa kioo?

Tausi84
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa haraka, fundi wa vioo anakuja Jumamosi. Nina samaki wawili madume aina ya beta, wale wanaopigana wakiwekwa pamoja, mwekundu na wa buluu, na binti yangu nimemwahidi wa tatu akimaliza mitihani. Kwa sasa kila mmoja yuko kwenye mtungi wake na nimechoka kubadilisha maji kila baada ya siku moja. Nimepata tangi kubwa, nataka liwe na vyumba vitatu. Fundi anataka kugandisha vioo viwili kwa silikoni, viwe vya kudumu. Dada wa dukani kaniambia niweke wavu wa plastiki ili maji yapite. Nifuate lipi?

FundiTangi
Karibu dada. Hilo "kubwa" ni kubwa kiasi gani? Tupe urefu, upana na kimo kwa sentimita. Chujio unalo? Lina mfuniko? Maji yako ya bomba au ya kisima? Bila hayo kila mtu hapa atakushauri kwa tangi la kwake.

Nakuru_Majini
Wavu. Langu la futi tatu lina wavu na huu ni mwaka wa nne. Maji ni mamoja, hita moja ya kupasha maji, pampu moja ya hewa. Maji yakiwa mengi na yanachanganyika, uchafu wa samaki mmoja hausababishi amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi chao, kupanda ghafla. Ukijenga kuta za kioo umejitengenezea matangi matatu madogo yaliyoshikana, na kila moja litadai chujio lake na usafi wake. Umetoka kulalamikia mitungi miwili, sasa unajenga mitatu?

Bahari_Shwari
Dada, mimi wavu siutaki tena nyumbani kwangu, na nitakueleza kwa nini.

Mwaka jana nilikuwa na madume watatu kwenye tangi la wavu, wote wazima. Nikamwona wa nne dukani, rangi ya shaba, nikashindwa kumwacha. Jioni ileile nikamweka chumba cha mwisho. Siku ya nne nikaona vidoa vyeupe kwenye mkia wake, kama punje za chumvi. Nikamtoa mbio, lakini nilikuwa nimechelewa. Yule mdudu wa madoa meupe anakaa mwilini mwa samaki mpaka akomae, kisha anadondoka chini na kugawanyika mamia, na watoto wake wanaogelea kutafuta samaki mwingine. Kwao wavu ni mlango ulio wazi. Ndani ya siku kumi wote walikuwa na madoa.

Nikapandisha joto hadi 30, nikatia chumvi, nikawa nafyonza uchafu wa chini asubuhi na jioni kabla ya kwenda kazini. Waliokufa ni wawili, yule mpya na mzee wangu mweupe niliyekaa naye miaka miwili. Huyo alikuwa akisikia hatua zangu anakuja mbele ya kioo. Mwanangu alimzika chini ya mwembe na hakula chakula cha usiku. Kama kuta zingekuwa za kioo ningempoteza mmoja tu.

Nakuru_Majini
Pole sana, ndugu. Ila aliyeua hapo si wavu, ni kukosa karantini. Samaki mgeni akae peke yake wiki tatu au nne, na nyavu ya kumvulia iwe yake.

Bahari_Shwari
Nakubali, kosa lilikuwa langu. Lakini soma tena alichoandika dada: analeta wa tatu, na mtoto anamsubiri kwa hamu. Unadhani atamweka mtungini wiki nne mtoto akiwa anamwangalia tu?

Tausi84
Ataweza kusubiri, nitamweleza. Mtungi mmoja utabaki kwa kazi hiyo.

Mzee_wa_Viluwiluwi
Mnamtia Tausi hofu bure. Beta ni samaki wa madimbwi ya mashamba ya mpunga, kwao Thailand. Anapumua hewa ya juu, hahitaji chujio wala pampu. Mimi nafuga kwenye mitungi tangu vijana wengi humu hawajazaliwa. Nawalisha viluwiluwi vya mbu ninavyokinga kwenye ndoo nyuma ya nyumba, na rangi zao zinang'aa kuliko za wanaokula vidonge. Abaki na mitungi yake, aongeze mmoja.

FundiTangi
Shikamoo mzee wangu. Kwenye viluwiluwi niko na wewe moja kwa moja, mradi usiviache siku nyingi vikageuka mbu. Kwenye mitungi hapana. Shamba la mpunga lina kina kifupi lakini ni pana, na dume anamiliki eneo lake na kulizunguka. Hewa ya juu inamwokoa maji yakipungua oksijeni. Amonia inaunguza matamvua yake vilevile. Zile chupa za wafugaji wa Thailand ni za kuwatenganisha hadi wauzwe, na maji yake yanabadilishwa mara kwa mara na watu ambao hiyo ndiyo kazi yao.

Mzee_wa_Viluwiluwi
Marahaba mwanangu. Na mimi ya kwangu nabadilisha. Kila siku, baada ya swala ya alfajiri.

Tausi84
Samahani kwa kuchelewa, umeme ulikatika. Tangi ni urefu 60, upana 30, kimo 35. Mfuniko halina. Chujio ni la sponji, dogo. Maji ya bomba, nayaacha kwenye ndoo usiku kucha. Hita sina. Niko Arusha.

FundiTangi
Arusha! Dada, hiyo ndiyo ilipaswa kuwa sentensi ya kwanza. Nilikuwa nakaribia kukwambia kioo, nikidhani uko Dar, ambako maji ya sebuleni yenyewe yana joto la kumtosha. Beta anataka 24 hadi 28. Arusha mwezi wa sita na wa saba usiku maji ya tangi yatashuka mbali chini ya hapo, na samaki aliyepoa anaacha kula, anakaa chini, mapezi yanaanza kuoza. Vyumba vitatu vya kioo ni hita tatu. Kwa wavu inatosha moja.

Sasa hesabu ya maji. Ukijaza hadi sentimita 30, una lita 54. Ukigawa kwa tatu ni lita 18 kila mmoja. Mimi naanzia 20 kwa dume, kwa hiyo ningegawa mara mbili tu na wa tatu nimtafutie tangi lake.

Bahari_Shwari
18 si mbaya kama chujio ni zuri. Lakini wavu unapunguza mwendo wa maji. Hita ikikaa chumba cha pembeni, cha upande wa pili kitakuwa cha baridi. Iweke cha kati, sponji ndogo mbili pembeni, na pima joto kila chumba. Nimesema hivyo nikiwa bado napendelea kioo.

Nakuru_Majini
Umeme ukikatika usiku funika tangi kwa blanketi zito, joto halipotei haraka. Huku Nakuru tunafanya hivyo.

Halafu si kila wavu unafaa. Usiweke wa chuma uliopakwa zinki, wala nyaya zenye shaba. Chukua wa plastiki mgumu, matundu madogo, kingo zisizokwaruza mapezi. Na uvuke juu ya maji vizuri, tena weka mfuniko. Beta anaruka. Nimewahi kumkuta dume wangu chumba cha jirani asubuhi, wote wawili mapezi yamechanika vipande vipande.

FundiTangi
Na wasionane. Hapa ndipo wavu unaponipa shida. Dume akimwona mwenzake kutwa nzima anatanua matamvua na kukunjua mapezi, hapumziki, mwisho anaugua. Weka nyavu mbili kila mpaka, sentimita tatu au nne kati yake, ujaze mimea hapo.

Tausi84
Nyavu mbili si zinakula nafasi? Vyumba vitabaki vidogo zaidi.

FundiTangi
Ndiyo. Ndiyo maana nasema wawili.

Bahari_Shwari
Ukiamua kioo, muulize fundi silikoni yake ni ipi. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu inaua samaki. Na isiwekewe maji mpaka harufu ya siki iishe kabisa.

Chemchemi_Meru
Mimi naona mmesahau jambo la maji yenyewe. Huku kwetu sehemu nyingi maji yana floridi, ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia. Dada, yako yanatoka wapi?

Nakuru_Majini
Hata huku visima vyetu ni hivyohivyo. Samaki wangu wanaishi. Meno ya watoto ndiyo yananisumbua zaidi.

Chemchemi_Meru
Wanangu nawapa maji ya mvua tangu wakiwa wadogo. Meno yao ni meupe.

Pwani_Tanga
Maji ya mvua kwa beta ni laini mno yakiwa peke yake, yachanganye na ya bomba. Na dada, umewahi kutumia majani ya mkungu? Mkungu huu mti wa kungu tulizokuwa tunapasua kwa mawe utotoni. Unaokota majani makavu yaliyodondoka yenyewe, unayaosha, unaweka moja tangini. Maji yanakuwa rangi ya chai na dume anatulia. Wafugaji wa Thailand hawakai bila hayo.

Mzee_wa_Viluwiluwi
Hilo ni kweli tupu. Nami naweka.

Tausi84
Mikungu hapa mtaani kwangu sijaiona. Binti amesoma yote haya na mimi, ameniambia wa tatu tumtafutie tangi lake mwenyewe hata kama atasubiri likizo ijayo. Fundi bado sijamjibu. Pwani_Tanga, majani nayapataje?

Pwani_Tanga
Nyumbani kwetu yanafagiliwa na kuchomwa kila asubuhi. Niandikie faraghani, kesho naokota mfuko mzima nautuma kwa basi. Usiyaoshe kwa sabuni.