Naomba ushauri: vigae kutoka Foshan, China: nichukue kontena zima au nichangie?

Wakuu, habari zenu. Nataka kuagiza vigae na masinki ya choo kutoka Foshan, mzigo upakiwe bandari ya Nansha ushuke Dar. Kontena la futi 20 lina nafasi ya takriban mita za ujazo 33, ila vigae ni vizito mno: tani zinafika kikomo kabla hata nusu haijajaa. Juu panabaki hewa tupu, na nauli ni ileile. Ndiyo maana nawaza masinki yakae juu ya vigae. Aliyewahi kupakia hivyo, yalifika mazima?

Kuchangia kontena sikupendi sana. Nyaraka za mmoja zikikwama forodha, wote mnasubiri.

Halafu muuzaji anang'ang'ania CIF, yaani yeye ndiye alipe nauli ya meli na bima hadi Dar. Mimi naona bora FOB, yaani yeye aishie kupakia melini na nauli nilipe mimi, kwa sababu anayelipa nauli ndiye anayechagua wakala, na ada za huku mwishoni hujificha humo humo. Au najidanganya?

Na siku za bure za kontena (za kukaa nalo bila kutozwa), mnaomba ziongezwe kabla meli haijaondoka au ikishatia nanga? Mzigo unaenda Dodoma, na kontena tupu lazima lirudi Dar.