Plasma inchi 50 au LED inchi 43 kwa kibanda cha mpira Njombe?

Mwana_Kibena
Wakuu, habari za majukumu. Naandaa kibanda cha kuonyesha mpira hapa Njombe mjini. Chumba ni mita 5 kwa 8, watu watakaa kwenye mabenchi na wengine watakuwa pembeni kabisa. Mwanjelwa kule Mbeya kuna TV ya plasma ya mtumba, Panasonic inchi 50, full HD. Kwa bei hiyohiyo napata LED mpya ya inchi 43. Muuzaji anasisitiza plasma kwa ajili ya mpira, anasema picha haiburuzi. Umeme ni wa TANESCO, ukikatika kuna jenereta ndogo ya W 650. King'amuzi ni cha HD. Nichukue ipi, na nikague nini kabla ya kutoa hela?

Fundi_Kihesa
Hapo kwenye kuburuza muuzaji yuko sahihi. Kwenye plasma kila kitundu kinachounda picha kina gesi za neoni na zenoni, kinawaka na kuzimika chenyewe kwa haraka mno, hivyo krosi ikipigwa unauona mpira wote, hauachi mkia. Aliyekaa pembeni naye anaona rangi zilezile anazoona wa katikati.

Shida ni Njombe yenyewe. Kioo cha plasma ni vioo viwili vilivyozibwa pamoja, na gesi ya ndani ina mgandamizo mdogo kuliko hewa ya nje. Hewa hiyo ya nje ndiyo inayovikandamiza vioo vikae imara juu ya kuta nyembamba zinazotenganisha vitundu. Ukipanda mpaka mita 2,000, mgandamizo wa hewa unabaki kama asilimia 80 ya ule wa Dar. Vioo vinalegea kidogo, na umeme wa volti karibu 200 unaopiga maelfu ya mara kwa sekunde unavitetemesha. Unasikia mvumo, na unazidi kila picha inapokuwa nyeupe.

Sasa angalia: Mbeya mjini ni kama mita 1,700, Iringa kama 1,600, Njombe mjini ni karibu 2,000. TV iliyotulia kimya dukani Mwanjelwa inaweza kuanza kuvuma ukishaifikisha kwako. Kujaribu Mbeya hakukuhakikishii chochote kwa jambo hili. Kitabu cha plasma huwa kinaandika ukomo wa mwinuko, na nyingi ziko kwenye mita 2,000 au zaidi kidogo, kwa hiyo Njombe uko ukingoni. Makete usithubutu kabisa. Na mvumo huo hauna tiba. Fundi atakayekuambia abadilishe bodi ya pawa ili uishe anakula hela yako bure.

Jambo la pili ni alama kuganda. Kibanda kinaonyesha ubao wa magoli palepale kwenye kona kwa dakika 90, na nembo ya chaneli kutwa nzima. Fosfa (unga unaotoa mwanga ndani ya vitundu) za sehemu hizo zinachakaa tofauti na nyingine, mwisho nembo inabaki hata ukibadili chaneli. Kwa matumizi yako hilo litatokea, ni suala la muda tu.

Tatu, Panasonic waliacha kutengeneza plasma mwishoni mwa 2013, Samsung na LG wakafuata 2014. Spea inayopatikana leo imetolewa kwenye TV iliyokufa.

Picha_Safi_IR
Nakubaliana na mkuu hapo juu kwa kibanda cha Njombe. Ila naomba plasma isitupwe jumla. Kwa mtu wa Iringa mjini anayetazama sebuleni usiku, plasma nzuri ina weusi wa kweli ambao LED nyingi za bei ya kawaida haziufikii. Anayetaka kununua afanye hivi:

Kwanza asome lebo ya nyuma. Mitumba ya Japani huwa ya volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 ya kwetu unaiua siku hiyohiyo. Itahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo mkubwa kuliko W za TV.

Pili, iwashwe nusu saa nzima kabla ya kupatana bei. Bodi zinazoendesha kioo zikichoka, makosa hujitokeza zikishapata moto: vinukta vya pinki au kijani vinametameta kwenye sehemu nyeusi, au TV inazima na taa inakonyeza.

Tatu, aje na flashi yenye picha za rangi tupu. Kijivu kinafichua nembo zilizoganda, nyeusi inaonyesha vinukta, nyeupe inafichua mvumo. Muuzaji akikataa rangi tupu na kung'ang'ania video ya samaki na maua, ondoka.

Pia si kila plasma ya "HD" ni HD ileile. Za inchi 42 za zamani nyingi ni 1024 kwa 768. Full HD ni 1920 kwa 1080.

Mwana_Kibena
Asanteni sana wakuu. Kwa hiyo hii LED ni kitu tofauti na LCD? Na hiyo jenereta yangu itaimudu?

Umeme_Mbeya
LED ni LCD ileile, ndugu. Kilichobadilika ni taa za nyuma: za zamani zilikuwa neli nyembamba, sasa ni vijitaa vya LED. Kioo chenyewe hakiwaki, kinachuja tu mwanga unaotoka nyuma.

Tupige hesabu ya umeme. Plasma ya inchi 50 ikila wastani wa W 300 kwa saa 6, ni uniti 1.8 kwa siku, uniti 54 kwa siku 30. LED ya inchi 43 inakula kama W 70, hiyo ni uniti 12.6 kwa mwezi. Kama mita yako iko kundi la matumizi madogo la uniti 75, plasma peke yake inakaribia kulimaliza.

Kwenye jenereta ya W 650 LED, king'amuzi na amplifaya ya W 100 vinakaa bila shida. Plasma matumizi yake yanapanda na kushuka kufuatana na mwanga wa picha, na jenereta ndogo inayumba volti kila mzigo unapobadilika. Hapo bodi ya pawa ndiyo inayoumia. Kwa vyovyote weka stebilaiza au kinga ya TV yenye kuchelewesha umeme dakika kadhaa, maana umeme ukirudi huwa haujatulia.

Fundi_Kihesa
Naongezea upande wa LED, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapigwa.

Simama pembeni kabisa, kama aliyekaa benchi la ukutani. Kuna vioo vya aina ya IPS na vya VA. VA ukiitazama kwa ubavu rangi zinapauka; IPS inastahimili, ila weusi wake ni wa kijivujivu. Kwa chumba chako chenye watu pembeni chukua IPS. Kama unaweza kuongeza hela kidogo ufike inchi 50 au 55, fanya hivyo: kwenye mita 8 maandishi ya inchi 43 hayasomeki nyuma.

Usiamini stika ya "Full HD" kwenye boksi. TV nyingi za bei rahisi kioo chake ni 1366 kwa 768, zinapokea 1080 kisha zinaipunguza. Uliza namba ya modeli, itafute mtandaoni, soma idadi ya vinukta vya kioo chenyewe.

Ugonjwa mkuu wa LED ni taa za nyuma kufa: sauti ipo, picha giza. Mulika tochi kwenye kioo kwa mshazari. Ukiona picha hafifu, kioo ni kizima, tatizo ni taa. Taa zimeunganishwa kwa mfululizo, moja ikikatika mstari mzima unazima. Mwambie fundi abadilishe seti yote na apunguze mkondo kwenye bodi, la sivyo zile kongwe zitafuata moja baada ya nyingine. Ili usifike huko, siku ya kwanza tu ingia kwenye menyu, toa ile hali ya dukani ya Vivid au Dynamic, shusha Backlight mpaka 50 au 60. Usiichanganye na Brightness, hiyo inagusa weusi wa picha tu.

Kuisafirisha: isimame wima ndani ya boksi lake, isilazwe. Juni na Julai ikishushwa kwenye gari baridi na kuingizwa chumba chenye joto, iache saa mbili tatu unyevu ukauke ndipo uwashe. Masika radi zikianza, chomoa umeme na waya wa antena au wa dishi vyote viwili. Radi nyingi huingilia kwenye dishi na kuua tundu la HDMI.