Land Rover ya marehemu baba imelala tangu 2005, nianzie wapi?

Mkwezi wa Sahare

Assalaam aleikum wakuu, na shikamoo kwa wanaostahili.

Nina Land Rover 109 Series III ya petroli, ile ya pikapu. Baba aliinunua mnadani kwenye shamba moja la mkonge upande wa Muheza, akawa anabebea nazi kutoka Pangani. Mwaka 2005 alipata kiharusi, kikachukua mkono wa kushoto, yaani ule wa gia. Tukaisukuma hadi bandani nyuma ya nyumba na haijatoka tena. Mzee alifariki mwaka jana.

Mwezi uliopita kaka alimleta mnunuzi wa vyuma chakavu. Jamaa katoa sumaku mfukoni, kaibandika mlangoni, ikaanguka. Kaibandika kwenye boneti, ikaanguka. Akatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu, nikamwomba kaka miezi mitatu.

Hali yake: matairi yamekaa chini, betri ni jina tu, nyigu wamejenga mpaka ndani ya ekzosi. Nilipoinua kiti cha dereva nikamkuta kuku wa mama ameatamia mayai tisa juu ya tangi. Fundi kijana wa hapa mtaani anasema tutie petroli mpya, tuifunge nyuma ya Fuso tuivute kuelekea Pongwe, itashtuka yenyewe. Anataka laki mbili. Sijamjibu.

Na yule wa sumaku alifurahia nini?

Chogo21

Uza mkuu. Hiyo inakunywa petroli kuliko unavyokunywa wewe chai. Ukiiuza, nitafute kwa ajili ya milango.

Babu Spana

Mwanangu, huyo wa Fuso mwambie laki mbili akanunulie simu.

Nianze na sumaku. Bodi ya hiyo gari ni aluminiamu, na aluminiamu kwa kilo inalipa kuliko chuma. Ndiyo maana alitabasamu. Lakini chesisi ni chuma, na wewe uko Sahare, chumvi ya bahari inakufuata mpaka chumbani. Kwa hiyo usidanganywe na bodi inayong'aa. Ingia chini na nyundo ndogo, gonga chesisi kuanzia mbele mpaka ile boriti ya nyuma inayobeba ndoano. Penye chuma kizima patalia kama kengele. Penye kutu ya ndani patalia kama kibuyu, na nyundo ikizama, weka alama ya chaki. Pale aluminiamu inapokutana na chuma utaona unga mweupe kama chokaa, ndipo panapolika haraka. Kama chaki zako hazizidi nne tano, fundi wa kuchomelea atazimaliza. Zikiwa ishirini, rudi hapa tuzungumze upya.

Injini sasa. Ukiivuta na Fuso wakati ringi zimeganda na kuta za silinda zina kutu, unazivunja ringi na kuzichuna silinda, kisha unaambiwa injini imekufa. Imekufa kwa mkono wako. Toa plagi zote nne. Mimina oili vijiko viwili kila tundu, acha siku tatu. Gia iwe huru, halafu tafuta hendeli, mara nyingi inakuwa nyuma ya kiti. Zungusha taratibu. Ikigoma usiilazimishe, ongeza oili, subiri tena. Na ujizoeze tangu sasa: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, usiikumbatie hendeli. Siku plagi zikirudi, injini inaweza kurusha kinyume. Nawajua watu wawili walioondoka na vifundo vya mikono vilivyovunjika.

Ikishazunguka, mwaga oili ya zamani. Inuse kwanza: ikinuka petroli, ngozi ya pampu ya mafuta imepasuka. Tangi usiliamini hata kidogo. Petroli iliyolala miaka yote hiyo imekuwa vanishi, itakuzibia kabureta siku ya kwanza. Tumia dumu dogo na mpira mpya mpaka pampu. Platini, zile za kukata umeme ndani ya distribyuta, zipige msasa laini, nafasi kati yake 0.35 hadi 0.40 mm. Waya za plagi zikirudi zifuate mpangilio wa silinda kuwaka, 1-3-4-2. Kabla ya kurudisha plagi zungusha kwa stata mpaka taa ya oili izime.

Ila breki ziwe mwanzo. Magurudumu manne yote ni ngoma, na raba za ndani zimekuwa jiwe. Badili masta silinda, silinda za magurudumu, na mipira yote mitatu ya kupitisha mafuta ya breki. Ile mipira kwa nje inaonekana mizima, kumbe ndani imevimba, unakanyaga gurudumu linashika halafu haliachii. Na mfumo wa klachi nao ni wa mafuta, fungua pia. Isiyowaka haijaua mtu. Inayowaka isiyosimama ndiyo naiogopa.

Matairi ni 7.50-16, utayapata, malori madogo yanavaa hayo. Ya zamani weka bandani, kuku arudi.

Bi Makorora

Babu kamaliza ya gereji, mie niseme ya makaratasi. Kadi iko kwa jina la marehemu, kwa hiyo kwanza mirathi: msimamizi ateuliwe mahakamani, ndipo mwende TRA, mamlaka ya mapato, kubadili jina, na kama ina namba za mtindo wa kale, mkapewe zinazoanza na T. Ile ada ya barabara ya kila mwaka ilifutwa 2017, usitishwe nayo. Halafu kaka yako ana fungu lake humo. Andikianeni kabla hujatia hela.

Namba ya chesisi imegongwa kwenye mkono wa mbele wa chesisi, kulia, karibu na springi. Isugue kwa brashi kwa upole na uipige picha. Mjomba wangu alimwachia fundi akate hapohapo, na gari ikawa haina kitambulisho.

Mkwezi wa Sahare

Wiki ya tano leo. Chaki ni sita, mbili kubwa. Kaka ametia sahihi, kwa sharti kwamba nimpeleke kwanza Lushoto. Breki zote mpya, na zimenila kuliko nilivyowaza.

Hendeli niliikuta imefungwa kwa kamba ya katani nyuma ya kiti, fundo la mzee lenyewe. Siku ya nne ikasogea robo mzunguko, nikamwita mama aje aone, akasema hajaona kitu. Jana imewaka. Moshi mweupe ulifunika banda, majirani wakaja na ndoo za maji.

Tatizo: klachi. Pedali inashuka vizuri na mafuta hayavuji, ila gia haiingii, inasaga tu.

Babu Spana

Sahani ya klachi imegandamana na gurudumu la injini. Zima injini, kanyaga klachi mpaka mwisho, tafuta kigogo kigumu ukikaze kati ya pedali na kiti. Ilale hivyo usiku kucha. Wakati mwingine utasikia "ta!" yenyewe.

Mkwezi wa Sahare

Imelia saa kumi alfajiri. Gia zote zinaingia, hata kile kirungu cha njano cha kutia magurudumu manne kinashuka.

Mama anauliza mchi wake ulifuata nini kwenye gari.